Shajara ya gitaa la elfu sitini: herufi za kwenye lebo na mbao za tumboni

Tarehe 7 Juni, Jumamosi

Nimenunua gitaa. Elfu sitini, kwa dogo mmoja wa Soweto ya hapa Mbeya anahamia Dar na hataki kuhangaika nalo kwenye basi. Uso umevimba nyuma ya briji (kile kibao cha usoni nyuzi zinapofungwa) kama tumbo la mtu katoka kula pilau ya msibani, na nyuzi pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukatiza shingo) ziko juu kiasi kwamba nimepitisha penseli chini yake ikapita bila kugusa. Sauti kopo tupu. Dogo alivyoona nasitasita akaniambia "kaka hii ni D hii, D kama zile za Marekani", akanionyesha lebo ndani ya tundu, kweli kuna D, kistari, alafu namba ndefu kama ya simu.

Nikalipa. Sio kwa sababu ya D, ni kwa sababu shingo imenyooka na mimi nilikua natafuta gitaa la kupasua. Nimepiga gitaa kwenye kwaya miaka tisa na skuwahi kuona ndani kukoje. Kwa hiyo hii shajara ni ya kulipasua, kulielewa, na Mungu akijalia kulirudisha.

Tarehe 8 Juni, Jumapili usiku

Baridi ya leo sio ya kawaida, naandika nimejifunika blanketi mbili hapa Mwanjelwa.

Hiyo D imenisumbua ibada nzima. Nimeshinda na simu jioni yote na sasa nimeelewa, acha niandike kabla haijanitoka. Hizi herufi mwanzo wake ni Martin, kampuni ya Marekani ya tangu 1833, na wengine wengi wamewaiga nusu nusu, ndo maana vurugu ni nyingi. Kwa Martin herufi za kabla ya kistari ni umbo la bodi, na namba ya baada ya kistari ni mbao na urembo. Basi. Kwa hiyo D-18 na D-28 ni bodi ile ile, ila 18 mgongo na mbavu ni mahogani, 28 ni rozwudi, na ukifika 45 ni rozwudi pia ila imepambwa maganda ya konokono wa baharini yanayometameta pembezoni kote, yaani hapo unalipia na macho. Kuna 35 nayo, rozwudi, mgongo wake umeungwa vipande vitatu badala ya viwili, hiyo ilianza 1965.

Alafu upande wa herufi, kuna sifuri. Sifuri moja ni bodi ndogo, sifuri mbili inazidi kidogo, sifuri tatu inazidi tena. Mimi siku zote nilidhani 000 maana yake ya bei rahisi, kama vile mtu hana kitu, kumbe ni saizi! Sifuri tatu upana wake pale chini kwenye makalio ni inchi 15, sentimita 38 na kidogo, na D ni inchi 15 na 5/8, karibu sentimita 40. Kwenye karatasi tofauti ni kama upana wa kidole, ila D ina tumbo la kina zaidi na ukiipakata kwapa linajua.

Kuna na OM, na hii ndo ilinichanganya kuliko zote kwa sababu OM na 000 bodi ni moja. Tofauti kubwa ni urefu wa uzi kutoka nati, kile kijiti cha juu ya shingo karibu na kichwa, mpaka kwenye briji, OM ni inchi 25.4 na 000 ya kisasa ni 24.9, na uzi mfupi unakua mlegevu kidogo kwa noti ile ile kwa hiyo vidole vinakushukuru. OM ilianza 1929, kuna mpiga banjo anaitwa Perry Bechtel aliwaomba wamtengenezee gitaa lenye shingo anayoweza kuikimbilia, wakatoa freti 14 nje ya bodi badala ya 12.

Na D yenyewe ni drednoti, jina la meli ya vita ya Waingereza, HMS Dreadnought ya 1906, kwa sababu lilikua likubwa kupita magitaa mengine. Martin waliyatengeneza kwanza 1916 yakiuzwa kwa jina la duka la Ditson la Boston, na kwa jina lao wenyewe wakaja kuyaweka 1931. Kwa hiyo dogo wa Soweto hakunidanganya, hili gitaa langu kweli ni D. Lina umbo la D. Hakuna kingine alichokua ameniahidi, mimi ndo nilisikia zaidi ya alichosema.

Tarehe 9 Juni

Kifupi leo maana nimechoka. Kampuni nyingine zina lugha zao. Taylor wanatumia tarakimu tatu, ya kwanza ni daraja la mbao (300 sapele, 800 rozwudi), ya mwisho ni umbo, 0 drednoti, 2 ndogo, 4 ile ya kati wanayoiuza sana, kwa hiyo 314 na 814 ni umbo moja mfuko tofauti. Zile ce za mwisho ni bodi iliyokatwa bega na yenye umeme. Yamaha wao FG ni umbo kubwa na FS ni dogo, 800 ya kawaida, 820 mahogani, 830 rozwudi, na ukiona X imo ujue ina umeme. Gibson J-45 ya 1942 usihangaike kuitafsiri hiyo 45, ilikua bei, dola 45. Ukichukua maana ya 45 ya Martin ukaipeleka kwa Gibson umepotea njia mchana kweupe.

Tarehe 10 Juni, Jumanne

Leo nimeingia tumboni. Vifaa: kioo kidogo cha mama Neema cha kujipodolea (nimeomba, sikuiba), tochi ya simu, na jamaa yangu wa mtaa wa Forest aliyekuja na Yamaha FG800 yake tulinganishe.

Kwanza uso wenyewe. Lebo yangu inasema ni mbao ya spurusi. Njia ya kujua ukweli ni kuangalia ukingo wa tundu la sauti, ile mistari ya mbao ya juu ukiifuata inatakiwa ishuke moja kwa moja kwenye unene wa mbao. Ya jamaa inashuka vizuri kabisa. Ya kwangu inafika ukingoni inakuta tabaka tatu kama sandwichi, plaiwudi, spurusi iko juu tu kama siagi iliyopakwa na mtu bahili. Kwa hiyo hata neno "spurusi" kwenye lebo halikua uongo, ilikua kweli ya milimita isiyofika moja.

Alafu tukaingiza kioo. Sasa hapa ndo nilipopata somo. Chini ya uso wa gitaa kuna vijiti vya mbao vimegundishwa, mafundi wanaviita bresi, kazi yake ni kuuzuia uso usikunjwe na nyuzi huku ukiachiwa utikisike. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma inavuta kama kilo 70 hivi zikishatyuniwa. Kilo sabini! Ni mtu mzima ananing'inia kwenye ubao wa milimita tatu, mchana na usiku, hata gitaa likiwa kwenye begi.

Ndani ya FG800 bresi mbili kubwa zinapishana kama herufi X, katikati ya tundu na briji, mikono ya X inashuka chini ya kona za briji, alafu kuna mbili za mshazari huko nyuma na vidogo vidogo pembeni. Na zile kubwa zimechongwa mabonde, yaani zina kilele, zinashuka, zinapanda tena, wenyewe wanaita skalopu. Ndani ya langu: vijiti vinne vimelala kutoka kushoto kwenda kulia, sambamba, kama ngazi ya kupandia darini. Hakuna hata kimoja kinachokwenda kwa urefu wa nyuzi.

Ukiiwaza hata kwa akili ya kawaida unaona tatizo. Briji ikivutwa inataka kujipindua, mgongo wake unanyanyuka na mbele yake inazama, na kizuizi cha hiyo kitu kinatakiwa kitoke mbele kwenda nyuma. Ngazi inazuia uso usipasuke katikati ila haizuii kupinduka, kwa hiyo uso umekubali, umevimba. Simaanishi ngazi ni takataka, magitaa ya Stella aliyokua anapiga Lead Belly, mwimbaji wa bluzi wa Marekani, yalikua na ngazi na watu mpaka leo wanayalilia, yana sauti kavu inayogonga. Ila yanataka ujue unachofanya na nyuzi gani unaweka.

Nyongeza ndogo hapa kwa sababu inaniuma. Magitaa ya nyuzi za nailoni yana bresi zimesambaa kama vidole vya mkono, staili aliyoikomaza Antonio de Torres wa Hispania karne ya 19, nyembamba, kwa sababu nailoni inavuta karibu nusu tu ya chuma. Kanisani kwetu kuna mtu alifunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni "ili isikike". Ilisikika kweli, Jumatano saa kumi na moja jioni, briji ilipong'oka ikaruka mpaka kwenye viti vya sauti ya kwanza.

Tarehe 14 Juni, Jumamosi

Kufungua mgongo. Pasi ya umeme, kitambaa chenye unyevu, na kisu cha kupakia siagi nilichokisugua msasa mpaka kikawa chembamba. Unapasha ukingo, unasubiri gundi ilainike, unaingiza kisu, unasogea sentimita mbili, unapasha tena. Nilikua nimefika kiunoni umeme ukakata, kisu kimo ndani, gundi ikaanza kushika upya. Nikaipasha ile pasi kwenye jiko la mkaa kama bibi yangu wa Rungwe alivyokua anafanya na pasi yake, nikamaliza. Kuna sehemu moja ya mbavu imeungua ikawa kahawia, tutaipaka rangi tutasema ni urembo.

Bresi za ngazi nilidhani ntahangaika kuzitoa. Mbili zilitoka kwa kidole.

Tarehe 21 Juni, Jumamosi

Mbao. Nimepanda daladala mpaka Uyole kwa baba mdogo ambaye ni seremala wa makabati na majeneza, nikamwambia "shikamoo baba, natafuta mbao ya kuweka ndani ya gitaa, iwe nyepesi alafu ngumu". Akacheka, akasema nyepesi na ngumu ni kama mke tajiri na mpole, wapo ila wameolewa.

Akanitolea mninga. Mninga ni mbao nzuri kuliko jina lake ila kwa bresi ni nzito, na uso wa gitaa kila gramu unayoiongeza lazima nyuzi ziitikise. Nilichukua kipande kidogo tu cha kuweka chini ya briji pale vijipini vya nyuzi vinapopita, hapo ndo ugumu unatakiwa. (Alinionyesha na kipande cha mpingo. Nikamwambia baba huu mpingo ni ukoo mmoja na rozwudi inayowekwa kwenye D-28, wote wataalamu wanawaita Dalbergia, akanyamaza, akakirudisha kabatini akafunga na kufuli.)

Tukabaki na paini ya Sao Hill. Shida ya paini ya huku kwetu inakua haraka, unakuta mduara wa mwaka mmoja na wa mwaka unaofuata vimepishana senti nzima, mbao laini, na magitaa mazuri yanataka mistari iliyobanana. Tulichambua rundo zima mpaka tukapata kipande cha kenchi la nyumba ya zamani iliyobomolewa, kikavu, mistari imekaribiana, ukikining'iniza na kukigonga kinasema "ting" badala ya "bu".

Hapa kuna kitu nilikua skijui. Usikate bresi kwa msumeno kwanza, pasua kwa shoka. Shoka linafuata nyuzi za mbao zilivyoota, msumeno unafuata mstari wako, na kama mstari wako umekatiza nyuzi basi bresi itavunjika pale pale. Baba mdogo alipasua kwa panga na nyundo ya mti, vipande vitatu, kimoja kilijipinda kama mkia wa kinyonga, tukakitupa jikoni. Viwili vikawa X. Nikaranda mpaka milimita 8 unene na 15 kimo. Ndaga fijo baba, asante sana.

Tarehe 23 Juni

Nimeharibu.

Nilipaka gundi nyeupe ya mbao jana usiku, nikabana, nikalala. Asubuhi nimetoa klampu, bresi imetoka nayo mkononi. Pale kwenye maungio gundi imekua nyeupe, unga unga kama chaki. Kumbe hii gundi ikikauka kwenye baridi kali haishikani vizuri, inageuka chaki, na usiku wa jana hapa Mbeya hata maji ya ndoo ya nje yalikua yanauma mkono. Hakuna mtu wa kumlaumu. Kukwangua yote na patasi, msasa, kuanza upya.

Tarehe 28 Juni, Jumamosi

Awamu ya pili nimehamia jikoni, jiko la mkaa limewashwa masaa mawili kabla, dirisha wazi kidogo tusije tukafa kwa sababu ya gitaa. Klampu zangu hazifiki katikati ya uso kwa hiyo nimetumia mianzi. Unaweka uso mezani chini ya rafu, unakata fito za mwanzi ndefu kidogo kuliko nafasi iliyopo, unazikunja unazichomeka kati ya rafu na bresi, zinasukuma chini zenyewe. Fito kumi na nne. Mianzi nimeletewa na shemeji kutoka Iringa, akauliza ya nini, nikamwambia ya gitaa, akasema huu ni wa ulanzi unauonea.

Uzuri mmoja wa kiangazi hiki, hewa ni kavu. Uso ukigundishwa bresi wakati mbao imekauka, masika ikija utavimba kidogo tu na utarudi. Ukigundisha masika alafu kiangazi kikaukuta, unataka kusinyaa, bresi zinakataa, unapasuka.

Imeshika. Nimevuta kwa nguvu zote.

Tarehe 5 Julai, Jumamosi

Wapi X ipishane? Hili nalo lina historia. Martin wa zamani walikua wanaipishanisha karibu na tundu, kama inchi moja tu, uso wa nyuma unabaki huru na besi inakua ya kutisha. Kuanzia kama 1938 wakairudisha nyuma, na mwishoni mwa 1944 wakaacha kabisa kuchonga mabonde, kwa sababu watu walikua wanafunga nyuzi nene na nyuso zinavimba, magitaa yanarudi kiwandani. Yaani ugonjwa ule ule wa gitaa langu la elfu sitini! Mabonde yakarudi 1976 kwenye HD-28, ile H ni ya urembo wa ukingoni unaofanana na mifupa ya samaki, ila watu wengi wanaisoma kama alama ya bresi. Ndo maana D-28 mbili, moja ya 1937 na moja ya 1960, lebo haibadiliki hata herufi na ndani ni vitu viwili tofauti. Mnunuzi anayesoma lebo tu amesoma nusu.

Mimi nimepishanisha sentimita 4 kutoka kwenye tundu, katikati ya hizo mbili, uoga wangu ndo ulichagua. Na mabonde nimechonga ya kina kifupi. Uso wangu ni plaiwudi, bresi zangu ni paini ya kenchi, sitaki kujifanya niko Pennsylvania kwenye kiwanda cha Martin. Nilichonga kidogo, nikagonga kwa dole gumba, nikasikiliza, nikachonga tena. Mwanzo uso ulikua unajibu "tok" kila mahali. Baada ya kama saa moja na nusu, pale nyuma ya briji ukaanza kujibu "dum" na mlio unabaki kidogo hewani kabla ya kufa. Nikaweka patasi chini hapo hapo. Mkono ulikua unataka kuendelea, nimeufahamu ulikua unataka kuharibu.

Tarehe 12 Julai, Jumamosi

Kabla ya kufunga mgongo nimeandika kwa penseli ndani, karibu na ile lebo ya kiwandani: M-1, X, paini, mwaka. Baba mdogo alikuja kuona, akauliza M ni nini, nikasema Mwanjelwa. Na moja? Nikasema ni la kwanza. Akasema alidhani ni bei, laki moja, alikua anataka kunipongeza.

Mgongo umefungwa, umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, uko jikoni na mama Neema amesema mwisho Jumatatu.

Tarehe 19 Julai, Jumamosi

Nyuzi nyembamba, seti ya 11, sio 12 (namba ni unene wa ule uzi mwembamba kuliko wote). Nimetyuni taratibu, nusu toni chini kwanza, nikaliacha usiku mzima nikiwa nalala na sikio wazi nasubiri "paa!" ya briji. Haikuja. Asubuhi nikapandisha mpaka toni yake.

Freti ya 12 imetoka kwenye unene wa penseli mpaka milimita 3. Uso ukiweka rula nyuma ya briji una mwinuko kidogo sana, ndo kawaida. Sauti, sasa. Haliwi FG800 ya jamaa, tulipiga zote mbili upande kwa upande na lake linafunguka zaidi juu, noti nyembamba zinang'aa. Ila besi ya hili imekuja kutoka kusikojulikana, G ya wazi inakaa mpaka unamaliza kumeza mate, na Neema ambaye ana miaka sita na hana adabu kwenye mambo ya muziki aliuliza kama ni gitaa lile lile.

Kuna kero: waya wa sita ukikandamiza freti ya 3 unazizima, zzzz. Nadhani freti ya 4 imenyanyuka kidogo, ntaipitia na msasa Jumamosi ijayo. Na ile sehemu iliyoungua na pasi bado sijaipaka rangi.

Dogo wa Soweto amepiga simu kutoka Dar. Anauliza kama naliuza.